Sauti Ndani ya Kifurushi: Historia ya Zawadi Zetu na Ndugu wa Ng'ambo



  

Kamati ilipokaa kupanga kitabu hiki cha kutimiza miaka 10, tuligawana kazi. Mweka hazina alipewa hesabu, katibu akapewa majina na picha, na sisi tuliokalia kiti cha uenyekiti tukaambiwa tuandike historia. Tukasema jamani, sisi tuliishia darasa la saba, historia tutaiweza wapi? Wakatujibu, andikeni mnayoyajua. Basi tumeandika tunayoyajua, na pale tulipokosea tumesema tulikosea.

Historia ya jinsi tulivyoanza mwaka 2015, akina mama 27 chini ya mwembe na kisanduku chenye kufuli tatu, mtaisoma kwa katibu. Sisi tumechagua historia ya zawadi zenye kutumia umeme na betri zilizopita kati yetu hapa Tanga na ndugu zetu walio ng'ambo. Wengine watauliza, kikundi cha kuweka na kukopa kina uhusiano gani na vifurushi vya posta? Uhusiano upo. Jambo lililokaribia kukivunja kikundi hiki halikuwa mkopo wa duka wala mkopo wa ada. Lilikuwa simu moja iliyofungwa ndani ya kanga. Lakini kabla ya kufika huko, tuanze mbali kidogo, maana mambo haya yana asili yake.

ASILI YA KIFURUSHI

Watu wengi hudhani kifurushi kinafika ng'ambo kwa sababu posta yetu ina nguvu. Ukweli ni kwamba kinafika kwa mapatano. Tarehe 9 Oktoba 1874, nchi 22 zilikutana mji wa Bern, Uswisi, zikakubaliana kwamba barua ya nchi moja itapokelewa na nchi nyingine na kufikishwa kwa mwenyewe. Ndiyo sababu mpaka leo tarehe 9 Oktoba huitwa Siku ya Posta Duniani. Mwaka 1880 yakafuata mapatano ya vifurushi. Ukilitazama vizuri utaona ni kama upatu mkubwa: kila nchi inabeba mzigo wa mwenzake leo, ili wake ubebwe kesho. Na kama upatu wowote, unasimama kwa uaminifu. Akija mmoja na udanganyifu, wote wanaumia.

Huku kwetu, posta za Tanganyika, Kenya na Uganda ziliunganishwa mwaka 1933, zikaenda pamoja mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Baada ya hapo posta na simu za Tanzania zikawa shirika moja, mpaka mwaka 1994 ambapo posta ilitengwa ikawa peke yake na simu peke yake. Sisi tuliokua wakati ule tunakumbuka jengo moja likifanya yote: huku foleni ya stempu, huku kibanda cha kupigia simu, na kule nyuma dirisha la vifurushi. Mtu akikuta kikaratasi kwenye sanduku la posta kwamba ana kifurushi, mtaa mzima unajua kabla hajafika nyumbani.

WATU WETU WALIKWENDA WAPI

Pwani yetu haijaanza leo kuwa na watu ng'ambo. Majahazi ya kaskazi na kusi yalipeleka na kurudisha watu kati ya huku na Maskati, Yemen na Bara Hindi miaka na miaka. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, jamaa wengi wa visiwani na wa pwani walihamia Uarabuni, na Sultani Qaboos alipotwaa utawala wa Oman mwaka 1970 wengine wenye asili ya huko wakaitwa warudi. Kwa hiyo nyumba nyingi za Tanga, Pemba, Unguja na Mombasa zikabaki na shangazi huku na mjomba kule. Wengine walikwenda kusoma Urusi, India na Uingereza. Na kuanzia miaka ya karibuni, mabinti zetu wengi wamekwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani.

Aliyekwenda anataka nini? Fedha atazipata au atazikosa hukohuko. Chakula atakula cha huko. Anachokikosa ni sauti za nyumbani. Na aliyebaki naye anakosa hilohilo. Ndiyo maana zawadi zetu nyingi, ukizichunguza, zilikuwa vyombo vya sauti: redio, kaseti, na sasa simu.

ENZI ZA KASETI

Kaseti ile ndogo ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Mpaka kufika miaka ya 1970 na 1980, redio kaseti ilikuwa ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ambayo mtu wa ng'ambo angeweza kuleta. Kina mama zetu, ambao wengi hawakujua kusoma, ndio waliofaidika zaidi. Barua ilitaka msomaji, na msomaji ni mtu wa nje ambaye atajua siri zako zote. Kaseti ilisema yenyewe.

Tunakumbuka sisi tukiwa wasichana, jirani mmoja alipata redio kaseti kutoka kwa kaka yake aliyekuwa Maskati. Ilikuwa karibu mwaka 1986. Ndani ya redio mlikuwa na kaseti ya dakika 60, nusu saa kila upande. Upande wa kwanza kaka alisalimia watu kwa majina, mmoja baada ya mwingine, hata waliokwisha kufa bila yeye kujua. Watu wakawa wanalia na kucheka. Upande wa pili aliuacha mtupu, akasema, "Huu ni wenu, nijazieni mnirudishie."

Basi siku ya kujaza ilikuwa kama arusi. Bibi alikalishwa kwenye kiti karibu na redio, akawa anapiga kelele akidhani Maskati ni mbali lazima apaze sauti. Watoto waliimba. Jogoo aliwika bila kuambiwa. Dakika 30 zilikwisha watu bado wana maneno. Kisha kijana mmoja fundi akavunja vile vipande viwili vidogo vya nyuma ya kaseti, ili mtu asije akarekodi taarab juu ya sauti ya bibi. Ikafungwa kwenye bahasha ngumu, ikapelekwa posta kwa rejista. Kwenye karatasi ya forodha waliandika, "Kaseti 1, salamu za nyumbani." Ilifika.

Tumeliandika neno hilo makusudi. Wazee wetu hawakuwa na elimu kubwa, lakini waliandika kilichomo.

MIAKA YA SHIDA NA MIAKA YA RUKSA

Kizazi cha sasa hakijui kwa nini redio moja ilikuwa jambo kubwa hivyo. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, mpaka wetu na Kenya ulifungwa, haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Kwa sisi watu wa Tanga ilikuwa kama mtu kukatwa mkono, maana Mombasa ni jirani. Ikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaisha, madukani hakuna sabuni wala betri za redio. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu waliokuwa na bidhaa bila risiti waliingiwa na hofu. Hata mwenye zawadi ya halali aliificha uvunguni, kwa sababu hana karatasi ya kuonyesha imetoka wapi.

Kuanzia mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa, na Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985 mambo yakazidi kufunguka, watu wakamwita Mzee Ruksa. Hapo ndipo vitu vya umeme vilipomiminika. Na hapo ndipo tulipoanza kujifunza kwa hasara kwamba kifaa cha umeme si kama nguo. Nguo ya Marekani inavaliwa Tanga. Kifaa cha Marekani si lazima kiwake Tanga.

Umeme wa kwetu ni volti 230 na mizunguko 50. Oman, Imarati na Uingereza wako karibu na hapohapo, na hata plagi yao ya meno matatu bapa ni kama yetu. Lakini Marekani ni volti 120, na Japani ni 100. Mtu aliyetumiwa redio ya huko akaichomeka moja kwa moja ukutani, alipata moshi badala ya taarifa ya habari. Nyingine zilikuwa na kiswichi kidogo nyuma cha kuchagua 110 au 220, lakini nani alikuwa anageuza redio nyuma siku ya furaha?

Televisheni nayo ilikuwa na visa vyake. Zanzibar walianza televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara tulikaa bila kituo chetu wenyewe mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo aliyetumiwa televisheni kabla ya hapo aliifanya pambo la sebuleni na kuitandika kitambaa, labda awe na deki ya video. Na kanda za video zilizotoka Marekani zilikataa kwenye deki za hapa, kwa sababu wao walitumia mtindo wa NTSC na sisi PAL. Kanda za arusi kutoka Maskati na London zilionekana vizuri, za Marekani zilikuwa mistari mitupu. Hata zilipokuja DVD ilikuwa hivyo: Marekani ilipewa namba 1, Ulaya na Ghuba namba 2, sisi Afrika namba 5. Na mpaka leo mwenye gari lililotoka Japani anajua kwamba redio nyingi za magari hayo huishia masafa ya 90 ya FM, stesheni za juu ya hapo hazishiki mpaka fundi aweke kifaa.

Hatusemi haya kuwacheka waliotuletea. Walinyima matumbo yao wakatununulia. Tunasema tu kwamba zawadi ya umeme inataka kuulizana kwanza.

ZAMA ZA SIMU

Simu za mkononi zilianza Tanzania mwaka 1994, lakini kwa sisi wauza vitumbua na samaki zilikuwa za matajiri mpaka baada ya mwaka 2000. Mwaka 2008 ikaja huduma ya kutuma fedha kwa simu, na baada ya hapo simu ikawa ndiyo benki, ndiyo barua, ndiyo kaseti. Mwaka 2013 WhatsApp ikaweka ujumbe wa sauti, ule wa kushika kidole na kusema. Bibi zetu wangekuwepo wangeuelewa mara moja. Ni kaseti ileile, isipokuwa haina upande wa pili wa kujaza, inajaa na kurudi papo hapo.

Simu zikawa ndizo zawadi. Lakini nazo zilitufunza. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima. Katika kikundi chetu wenzetu wanne waliamka asubuhi simu zimekufa, na mbili kati ya hizo zilikuwa zawadi kutoka kwa watoto wao walioko nje. Watoto walinunua sokoni kwa nia njema, hawakujua. Tangu hapo tukawa tunaambizana: kabla hujainunua bonyeza *#06#, zitoke zile namba 15, uzilinganishe na zilizoandikwa kwenye boksi, kisha zihakikiwe.

KISA CHA MWAKA 2017

Sasa tumefika kwenye jambo letu. Mwenye kisa ametupa ruhusa tukiandike, ila jina tusilitaje.

Mwenzetu mmoja, muuza samaki wa kukaanga, alikuwa na binti yake Maskati tangu mwaka 2016, anafanya kazi ya ndani. Alimwacha mtoto wake wa miaka minne kwa bibi yake. Mwaka 2017 simu ya binti iliangukia kwenye ndoo ya maji ikafa. Mama mwenye nyumba alimruhusu kutumia simu yake mara moja tu kuwaarifu, na akakubali kifurushi kikija kipitie sanduku la posta la nyumba yake. Baada ya hapo kimya. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Mwenzetu alikuwa anakuja kikaoni anakaa kama mtu aliyefiwa.

Akaomba mfuko wa jamii umpe shilingi 150,000 anunue simu amtumie mwanawe. Wengine walisema, "Maskati simu zimejaa madukani, anunue hukohuko." Akajibu, "Dukani atakwenda na nani? Siku ya mapumziko hana, na mshahara wake anatuma wote huku." Wengine wakasema katiba yetu inataja msiba, ugonjwa na uzazi, haitaji simu. Mzee mmoja wetu, Mungu amrehemu, akasema, "Mtoto asiyesikika ni ugonjwa wa mama." Tukapitisha, arudishe kwa wiki 20.

Simu ilinunuliwa, nzuri, iliyotumika kidogo. Kwenye memori kadi tukarekodi sauti ya yule mtoto. Kwa vile binti alikuwa amesema soketi ya chumba chake ni mbovu, ikaongezwa pawabenki, ile betri ya kuchajia simu. Vyote vikaviringishwa ndani ya doti ya kanga.

Tukaenda posta watu watatu: mwenye mzigo, katibu na sisi mwenyekiti wenu. Kwenye foleni mtu mmoja akatunong'oneza, "Msiandike simu, itaibiwa au atatozwa ushuru. Andikeni nguo." Sisi tukaona ni ujanja. Karani akauliza, "Ndani mna nini?" Tukasema nguo. Akauliza tena, "Nguo tu?" Tukasema nguo tu. Ile fomu ya forodha, CN 23, ina maneno chini yake ya kuthibitisha kwamba uliyoyaandika ni kweli na kwamba hamna kitu cha hatari. Yalikuwa ya kigeni na maandishi madogo. Mwenzetu akasaini kwa sababu sisi viongozi wake tulimwambia asaini.

Zikapita wiki tisa. Maskati hakijafika kitu. Huku nyuma maneno yakaanza. Eti simu haikununuliwa. Eti fedha zimeliwa. Eti mwenyekiti na katibu wamegawana. Mwenzetu akaacha kuja vikaoni, marejesho yakasimama, na wanachama 6 wakaandika barua wanataka hisa zao wajitoe. Kikundi cha miaka miwili, kufuli tatu zote nzima, lakini imani ilikuwa imevunjika.

Jumatano moja akaja. Alikuwa amebeba kifurushi kilichorudi. Akakiweka juu ya mkeka mbele ya watu wote, hakusema neno. Kilikuwa kimefunguliwa na kufungwa tena. Kanga zilikuwamo. Simu ilikuwamo. Pawabenki haikuwamo, na palikuwa na karatasi inayosema imekutwa betri isiyoruhusiwa na maelezo hayalingani na kilichomo.

Watu wote wakatutazama sisi. Tungeweza kusema posta ni wabaya. Wengine walikuwa tayari kabisa kusikia hivyo. Lakini yule mama alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba kosa ni lake. Tukasimama tukasema, "Neno nguo tuliliandika sisi. Yeye alitaka kusema kweli, sisi ndio tuliomfunza uongo."

Siku hiyo hakuna aliyepiga makofi. Kamati ilijitoza faini ya shilingi 10,000 kila mmoja, na mwenye mzigo akaongezewa muda bila riba. Kati ya wale 6, watano walichukua barua zao. Mmoja alijitoa, na hatumlaumu.

Wiki iliyofuata tulirudi posta kwa karani yuleyule, tukamweleza yote. Hakututukana. Alitufundisha.

TULIYOFUNDISHWA

Mashine ya mionzi inaona ndani ya kanga. Uliloandika na linaloonekana yakitofautiana, mzigo unasimamishwa. Na tangu Januari 2021 nchi zilikubaliana kwamba taarifa za mizigo ya bidhaa zitangulie kwa kompyuta kabla ya mzigo wenyewe, kwa hiyo neno lako linafika ng'ambo kabla ya kifurushi.

Betri za lithiamu, hizi za simu na pawabenki, zikiumia au zikibanwa huweza kuwaka moto wenyewe, na moto wake ni mgumu kuuzima. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo iliyoruka kutoka Dubai ilishika moto kwenye shehena yenye betri nyingi za namna hiyo. Ikaanguka, na marubani wake wawili wakafa. Tangu Aprili 2016 ni marufuku duniani betri za lithiamu za kuchaji kusafirishwa peke yake kama shehena kwenye ndege za abiria. Tulipoelezwa hayo tulinyamaza. Tulikuwa tumemficha rubani kitu kinachoweza kumuua, tukaita nguo.

Kwa hiyo tumeweka hapa mafunzo yetu kwa faida ya wote:

1. Pawabenki na betri iliyo peke yake usitie kwenye kifurushi cha ndege. Mapatano ya posta huruhusu betri iliyo ndani ya kifaa chake tu, nayo kwa masharti na kwa nchi zilizoidhinishwa. Uliza karani kwanza.

2. Anayesafiri na pawabenki aiweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la chini. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Hesabu yake: namba ya mAh zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 ni wati-saa 74.

3. Andika kilichomo kwa jina lake, idadi yake na thamani yake. Kikiwa kimetumika, sema kimetumika. Ushuru ukiwepo, mjulishe anayepokea mapema asiaibike dirishani.

4. Tazama volti nyuma ya kifaa au kwenye chaja. Ikiandikwa 100–240 itawaka popote.

5. Ukimpa msafiri mzigo, mfungulie auone wote, na kifaa ukiwashe mbele yake. Nawe usikubali kubeba kilichofungwa, hata cha shemeji yako.

MWISHO WA KISA

Mara ya pili kanga zilikwenda kwa posta, zimeandikwa kanga. Simu ilikwenda kwa mkono, na kijana wa jirani aliyekuwa anasafiri kwenda Maskati. Tulimfungulia, tukaiwasha, akaiona, akaitia kwenye mkoba wake wa mkononi.

Siku ya nne, jioni, simu ya mwenzetu ikalia ujumbe wa sauti. Alikuja nao mbio mpaka kibarazani kwetu hata hajausikiliza, alitaka tusikilize wote. Binti alisema hivi: "Mama, nimemsikia mwanangu. Nilipoondoka alikuwa anasema kalibu. Sasa anasema karibu." Kisha akanyamaza, akawa analia tu mpaka ujumbe ukaisha.

Deni lilirudishwa lote, shilingi 150,000, hata wiki mbili kabla ya muda. Binti mwenyewe alirudi mwaka 2019, akaolewa hapahapa, akajiunga nasi. Leo ni mweka hazina msaidizi. Ndiye aliyeleta utaratibu ambao wageni wetu hushangaa wakiuona: kabla mwanachama hajasaini karatasi yoyote, iwe ya mkopo au ya hisa, inasomwa yote kwa sauti, kwa Kiswahili, na mwenye kusaini anarudia kwa maneno yake. Inachelewesha kikao, kweli. Wengine hunung'unika. Lakini hatujapata tena barua ya mtu kutaka kujitoa kwa sababu ya maneno ya chinichini.

Wenzetu wa Niger walioanzisha vikundi vya namna hii mwaka 1991, kule Maradi, walianza na kisanduku na kumbukumbu za kichwani, maana wengi hawakujua kuandika. Kilichowashika pamoja ni kwamba kila kitu kilisemwa mbele ya wote. Sisi tulikuwa na kalamu, tukaitumia kuficha. Ndiyo historia yetu, na tumeona ni bora ikae ndani ya kitabu kuliko ikae midomoni mwa watu.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, mkituma zawadi kwa aliye ng'ambo, tumeni. Msiogope posta wala forodha. Ila kumbukeni bibi yule wa mwaka 1986 na kaseti yake: andikeni kilichomo.

 Aliyejitoa mwaka ule akitusoma, ajue mkeka bado una nafasi yake.

 

Sisi wenu,
Mwenyekiti, kwa niaba ya kamati
Tanga